Wafu Hawasumbuliwi na Televisheni

Kila mara kituo cha televisheni kinaporusha makala kuhusu mauaji ya zamani ambayo muuaji wake hajapatikana, hapa Lumino, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, lawama ni ileile, na huwa inatoka kwa watu wenye heshima zao. Wazee wanasema tunafukua makaburi. Wachungaji wanasema tunayalisha macho damu. Walimu wanasema watoto watajifunza kuua. Askari naye, akiwa ameketi na raia wakinywa chai kwa amani, anasema upelelezi una wenyewe, na kwamba mtu wa kawaida anayekaa saa nzima kutazama mambo ya Ouko au ya Askofu Muge angeitumia saa hiyo kupalilia mihogo. Maoni haya yamezoeleka mpaka hakuna anayeyahoji. Hata vijana wanaozipenda makala hizo huzitazama kama wanaoiba, simu imeegemezwa kwenye kikombe, sauti iko chini.

Nayapinga maoni hayo, yote, na sitayapinga kwa upole, kwa sababu madhara yake nayaona hapa hapa. Kijiji kinachoambiwa kisiulize mtu alikufaje hakiachi kuuliza. Kinakwenda kuuliza mahali pengine, kwa mganga au kwa kundi la vijana wenye mawe, na majibu yanayopatikana huko tunayajua.

Kosa la kwanza la wanaolaumu ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana. Ulaya na Marekani wana hadithi zao za wauaji wasiojulikana: yule wa London wa mwaka 1888 waliyemwita Jack the Ripper, yule wa California wa mwishoni mwa miaka ya 1960 aliyejiita Zodiac. Polisi walitafuta, wakahoji watu wengi, wakashindwa. Anayetazama makala juu ya hao anacheza mchezo wa kubahatisha, na kama mtu ataniambia kwamba mchezo huo una kasoro, kwamba unamsahau mwanamke aliyechinjwa na kumkuza aliyemchinja, sitabishana naye sana. Lakini kesi zetu si za namna hiyo. Ukichukua orodha ya vifo vikubwa vya Kenya na Uganda ambavyo havikupata hukumu, utakuta kwamba mara nyingi shahidi alikuwepo, ripoti iliandikwa, na majina yalitajwa mbele ya tume. Kilichokosekana ni mtu wa kulipeleka jalada mbele baada ya hapo. Neno "haijatatuliwa" kwa kesi kama hizo linawapendelea waliozifunga.

Chukua kifo cha Askofu Alexander Muge, maana hicho kilianzia mlangoni petu. Muge alikuwa askofu wa Kianglikana wa Eldoret. Kabla ya kuvaa joho alikuwa amevaa sare ya kikosi cha polisi cha GSU, na labda ndiyo maana hakuwa mwepesi wa kutishika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa dini walioisema serikali ya Rais Moi hadharani, juu ya kura ya mlolongo, juu ya ardhi, juu ya njaa ya Pokot Magharibi. Agosti 1990, Waziri wa Kazi, Peter Habenga Okondo, mwanasiasa wa Bunyala, alimwonya yeye pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wasithubutu kukanyaga wilaya ya Busia: wakikanyaga wataona moto, na huenda wasitoke hai. Maneno hayo hayakunong'onwa. Yaliandikwa magazetini. Muge akajibu kwamba atakwenda, na kwamba damu yake isiyo na hatia itamwandama waziri. Tarehe 14 Agosti akaja Busia, akahubiri, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Hakufika. Gari lake liligongana na lori sehemu za Kipkaren. Okondo akajiuzulu muda mfupi baadaye. Dereva wa lori akafungwa kwa kuendesha gari kwa namna ya hatari, akafia gerezani.

Sisemi kwamba Muge aliuawa. Sina ushahidi huo, na mwandishi wa televisheni atakayelitamka neno hilo bila ushahidi nitamkataa kama ninavyowakataa wanaotaka tunyamaze. Ninachosema ni kwamba waziri wa serikali alitabiri kifo cha mtu katika mahali maalumu, mtu huyo akaenda mahali hapo, akafa siku hiyo hiyo njiani akirudi, na kazi yote ya dola ikaishia kwa dereva mmoja wa lori. Miaka mingi baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, afisa wa zamani wa Special Branch, idara ya ujasusi ya polisi, alidai kwamba kifo kile kilipangwa. Dai ni dai. Linahitaji kupimwa na mtu mwenye uwezo wa kuita mashahidi na kuwaapisha. Halikupimwa hivyo. Sasa niambiwe: mama wa Busia aliyemsikia Muge akihubiri siku ile, akitaka kujua yaliyofuata, ataambiwa aende wapi kama televisheni ni dhambi?

Na huyu si askofu wa kwanza. Miaka 13 kabla yake, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Ofumbi ni wetu, mtu wa Tororo, waziri wa mambo ya ndani wa serikali iliyomuua. Kesho yake Radio Uganda ikatangaza kwamba watatu hao wamekufa kwa ajali ya gari, eti walijaribu kumnyang'anya dereva usukani. Jamaa waliofungua jeneza la Luwum kule Mucwini waliona matundu ya risasi. Nani alihukumiwa kwa hayo? Hakuna. Idi Amin, aliyekuwa akitawala wakati huo, alikufa Jeddah Agosti 2003, kitandani, bila hata siku moja kizimbani. Tume ya Jaji Arthur Oder iliyoundwa mwaka 1986 ilikusanya ushahidi mwingi juu ya mauaji ya enzi zile, ikatoa ripoti yake mwaka 1994, na mtu wa kawaida wa Tororo hajawahi kuishika ripoti hiyo mkononi. Tunayo siku ya mapumziko ya Luwum kila Februari, na nashukuru tunayo. Lakini watoto wa shule hapa wanajua siku hiyo kama siku ya kutokwenda darasani. Waliojua zaidi ya hapo, niliowauliza mimi, walijua kwa sababu waliona picha za zamani kwenye televisheni, lile kundi la watu limesimama Kampala mbele ya silaha zilizotandazwa chini, na mzee nyumbani akawaambia yule mwenye kola nyeupe ni nani.

Maaskofu wawili, pande mbili za mpaka mmoja, ajali mbili za gari. Moja tunajua ilikuwa uongo. Nyingine tunatakiwa tuiamini tu.

Sitakawia kwa Robert Ouko, ambaye habari zake zimesimuliwa mara nyingi, isipokuwa kwa jambo moja. Waziri wa mambo ya nje wa Kenya anapotea nyumbani kwake Koru Februari 1990, mwili wake unapatikana umechomwa kwenye kilima cha Got Alila, na polisi wanaanza kwa kuashiria kwamba huenda alijiua. Analetwa mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon. Inaundwa tume ya Jaji Evans Gicheru. Tume inasikiliza mashahidi hadharani mwaka mzima na zaidi, kisha Novemba 1991 Rais anaivunja kabla haijaandika ripoti. Mkuu wa wilaya mmoja anashitakiwa, anaachiliwa. Kamati ya Bunge inaundwa zaidi ya miaka kumi baadaye, inasikiliza, inaandika, na hakuna anayefikishwa mahakamani. Wanaosema makala za televisheni hazijamkamata muuaji wa Ouko wanasema kweli. Waongeze basi kwamba Scotland Yard, tume ya majaji na kamati ya Bunge navyo havikumkamata. Mbona hatusemi tume ni upuuzi na mtu asiifuatilie?

Ninachokipata mimi katika makala hizi ni mahali faili lilipokatwa, na hapo pana mafunzo kuliko jina la muuaji. Katika kesi ya J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975 na mwili wake kupatikana vilima vya Ngong, kamati teule ya Bunge iliongozwa na Elijah Mwangale, mtu wa Bungoma, jirani zetu. Kamati iliandika ripoti yenye majina. Kabla haijawekwa mezani Bungeni, Rais Kenyatta akataka majina mawili yafutwe, yakafutwa. Katika kesi ya Julie Ward, mpiga picha Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara Septemba 1988, daktari aliyechunguza mabaki aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali. Mkuu wake akaibadilisha ripoti ionekane kwamba mfupa uliraruliwa, kama kwamba ni kazi ya wanyama. Neno moja la kitabibu lilifutwa na lingine likaandikwa juu yake. Baba wa marehemu, John Ward, ndiye aliyelishika karatasi hilo, akalionyesha, akalazimisha uchunguzi wa kifo, na mwaka 1989 hakimu akaamua kwamba binti yule aliuawa. Walioshitakiwa baadaye, kwa nyakati tofauti, waliachiliwa wote.

Mtu akishaliona lile karatasi kwenye kioo, lenye neno moja lililokatwa na lingine juu yake, hawezi tena kudanganywa kirahisi. Siku atakapokwenda hospitali kuchukua ripoti ya kifo cha ndugu yake ataisoma neno kwa neno kabla ya kuikunja na kuitia mfukoni, na ataomba nakala. Hilo ndilo wanalotaka asijifunze?

Hapa askari wetu mnywa chai atanijibu kwamba upelelezi ni taaluma, na watu wa kamera wanauharibu. Nimjibu kwa mfano ambao ningependa kila mtu autazame. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare za jeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, mmoja wa watoto akiwa mgongoni mwa mama yake, wakawafunga vitambaa machoni, wakawapiga risasi. Serikali ya Cameroon ilisema video ile ni ya uongo, haikupigwa kwao. Waandishi wa BBC Africa Eye wakaichukua picha ya milima inayoonekana nyuma ya wale watu, mgongo wa mlima, bonde, mgongo, wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakapapata mahali: karibu na kijiji cha kaskazini mwa Cameroon, mpakani na Nigeria. Wakatazama jengo lililokuwepo mwaka fulani na lililobomolewa mwaka mwingine. Wakapima vivuli vya askari ardhini, wakapata kwamba mauaji yalifanyika kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2015. Wakatoa na majina. Filamu ilirushwa Septemba 2018. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya Cameroon ikawafunga askari wanne miaka 10 kila mmoja.

Niliitazama filamu hiyo kwa mara ya pili hapa senta, kwenye simu ya fundi wa redio, pamoja na vijana wa boda waliokuwa wakingojea abiria wa Majanji. Ilikuwa kwa Kiingereza, na mmoja wao akawa anatafsiri kwa Kisamia. Ilipofika kwenye vivuli, fundi akaisimamisha. Akatoka nje, akatazama kivuli cha mlingoti wa sola yake kilivyolala barabarani, akarudi akaniambia, "Mzee, kumbe hiki hata mimi ningekipima." Sijasikia sifa nzuri zaidi ya filamu yoyote. Kijana huyo hajasoma chuo cha polisi. Ameelewa kwa dakika chache kwamba ushahidi uko wazi ardhini, na kwamba mwenye sare akisema "hapakuwa hapa" anaweza kupimwa kwa jua.

Kuna mifano mingine huko mbali. Marekani, filamu ya Errol Morris ya mwaka 1988, The Thin Blue Line, ilimtoa gerezani Randall Dale Adams mwaka uliofuata. Alikuwa amehukumiwa kifo kwa kumuua polisi ambaye hakumuua yeye. Mwaka 2015 tajiri wa New York, Robert Durst, alikamatwa siku moja kabla ya sehemu ya mwisho ya mfululizo wa The Jinx kurushwa, na mwaka 2021 akahukumiwa kwa mauaji ya mwaka 2000. Lakini nisiende Marekani wakati Nairobi iko karibu. Aprili 2025 BBC hao hao walirusha Blood Parliament, juu ya waandamanaji waliopigwa risasi nje ya Bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024. Walichambua picha zaidi ya 5,000, wakawaonyesha watu wenye sare waliofyatua. Onyesho lililokuwa lifanyike Nairobi likaahirishwa. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wakakamatwa, wakalala korokoroni, ingawa BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza. Kama makala hizi ni burudani ya wavivu, mbona wenye mamlaka wanazichukulia kwa uzito kuliko wazee wetu?

Na hapa Uganda, mwaka 2017, baada ya msemaji wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa kwa risasi Kulambiro, picha za televisheni ndizo zilizotuonyesha vidonda vya watu waliokuwa wameshikiliwa kituo cha Nalufenya, Jinja. Magoti yaliyochubuka mpaka kwenye nyama. Kelele zikawa kubwa, na mwaka uliofuata mahabusu ya Nalufenya ikafungwa. Kumbuka kilichotokea pale: upelelezi "wenye wenyewe" ulikuwa unaitafuta kweli kwa kuvunja magoti. Kamera haikuharibu upelelezi. Iliuonyesha.

Sasa nije kwa hoja moja ambayo naiheshimu, ile ya familia. Inasemwa kwamba kila marudio ya makala humtonesha kidonda mjane na yatima. Kuna ukweli ndani yake. Nimeona makala ambazo mwigizaji anamwagiwa rangi nyekundu na kuanguka kwa mwendo wa polepole, muziki ukilia, mara tatu kabla ya matangazo. Huo ni ushenzi, na mhariri anayeuruhusu aone haya. Nimeona pia hatari ya kukisia: baada ya msichana Elisa Lam kukutwa amekufa Los Angeles mwaka 2013, watu waliojifanya wapelelezi walimwandama mwanamuziki mmoja wa Mexico kwa kosa ambalo hakulitenda, wakamharibia maisha, na uchunguzi ulikuwa umeamua kwamba binti yule alizama kwa bahati mbaya. Mfululizo wa Netflix wa mwaka 2021 ulilieleza hilo vizuri, na unafaa kutazamwa na kila anayependa kunyooshea watu vidole. Lakini angalieni ni nani hasa wanaozungumza katika makala zetu nyingi. Ni mjane. Ni binti. Ni ndugu aliyetunza koti. John Ward alisafiri kuja Kenya mara nyingi mno, akatumia mali yake, akazungumza na kila mwenye kamera mpaka uzee wake. Hakuna aliyemlazimisha. Familia inayotaka kunyamaziwa inyamaziwe, hilo ni haki yao. Ila wengi wa wanaosema "msiwatoneshe wafiwa" hawajawahi kwenda kumwuliza mfiwa anataka nini, na baadhi yao, hasa wale wa serikalini, wana sababu zao za kupenda kimya.

Uchungu wangu mkubwa uko upande mwingine kabisa. Binti wa Kiingereza aliyeuawa Mara amepata filamu kadhaa. Je, wale wa Mto Yala? Januari 2022 wanaharakati walipofika chumba cha maiti cha Yala, kule Siaya, walikuta miili iliyoopolewa mtoni, na polisi wenyewe wakakubali kwamba miili 19 ilikuwa imepatikana kwa muda wa miaka miwili hivi. Baadhi ilikuwa na alama za mateso, mingine ilikuwa ndani ya magunia. Mto huo unaishia ziwani, katika ziwa hili hili la Victoria tunalovua mukene. Habari zilipigwa wiki kadhaa, kisha zikatoweka. Wengi wa watu wale hawana hata jina mbele ya umma. Anayelalamika kwamba televisheni imezidisha mauaji anipe hesabu: mauaji ya nani yamezidishwa? Mimi naona yaliyoachwa.

Nirudi kijijini, kwa wanaoogopea watoto. Tuseme mwili umekutwa asubuhi kwenye shamba la miwa. Kabla askari wa upelelezi hawajafika kutoka Busia, watu wamekwishajaa. Wamekanyaga kila mahali. Mmoja ameligeuza lile shuka aone uso, mwingine ameokota kiatu akakiweka pembeni "kisipotee". Hakuna ubaya moyoni mwao, ila ushahidi umekwisha. Mchana maneno yanaanza: fulani aligombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, bibi fulani macho yake mekundu. Jioni nyumba inawaka. Ukanda huu wote, pande zote mbili za mpaka, wazee wamechomewa nyumba kwa tuhuma za uchawi na vijana wameuawa kwa neno "mwizi!" lililopigwa na mtu mmoja gizani. Hawakujifunza hayo kwenye televisheni. Wengine hawakuwa na umeme.

Mtu aliyezitazama makala hizi kwa makini ndiye anayesema, "Rudini nyuma, msikanyage." Ndiye anayemwambia mwenyekiti wa LC azungushe kamba. Ndiye anayeuliza marehemu alionekana mara ya mwisho saa ngapi, na nani, simu yake ilikuwa wapi. Maswali hayo huvunja mori wa kundi, kwa sababu yanahitaji jibu, na kundi halina jibu. Hofu inayosemwa kwamba makala zinaleta ilikuwepo kabla ya makala. Kifo kisicho na maelezo kinatisha kuliko maelezo yoyote. Mtoto mdogo asitazame, sawa, kuna saa zake na kuna mzazi wake. Kijana wa miaka 17 atazame, na ikiwezekana atazame na mwalimu wake.

Nina sababu nyingine ya kuzitetea, na hii ni ya Uganda zaidi. Kwa vizazi vya wazazi wetu, Kiswahili kilikuwa sauti ya kambi. Kilikuja na amri: toka, lala chini, toa pesa. Watu wa Kampala walikichukia kwa ajili hiyo. Sisi wa mpakani tulikuwa nacho pia cha sokoni, cha kununulia samaki na kuvushia sukari, kwa hiyo hatukukichukia sana. Kisha likaja Jicho Pevu, kipindi cha televisheni ya KTN ya Kenya, mwandishi Mohammed Ali akiuliza maswali kwa Kiswahili, akigonga milango ya wakubwa na kutaja tarehe na namba za magari. Wenye antena ndefu Busia walilipata. Kwa mara ya kwanza watu waliisikia lugha ya afande ikimhoji afande. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kikifundishwa, kifundishwe na kwa makala kama zile, mtoto ajue kuwa ni lugha ya kuulizia ushahidi.

Mpaka nao unatupa sababu yetu wenyewe. Faili la polisi wa Kenya linaishia mto Sio, na la polisi wa Uganda vivyo hivyo. Ili livuke linahitaji barua, mhuri na subira. Shahidi huvuka kwa njia ya panya akifukuzwa, na muuaji huvuka kwa njia hiyo hiyo. Kilichokuwa kikivuka bila kusimamishwa ni habari, na tunaambiwa tuizime.

Kwa hiyo sitaki kuambiwa tena kwamba tunatazama mno. Tunatazama kidogo, na yanayotengenezwa ni machache. Kifo cha Askofu Muge kinastahili makala kamili, kwa Kiswahili, na kituo chochote cha Nairobi, Kampala au Busia chenye mwandishi jasiri kinaweza kuanza mwezi huu. Mahakama iliyomfunga dereva wa lori ina kumbukumbu zake, ziombwe. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ukweli uko kwenye kumbukumbu za tume. Upimwe mstari kwa mstari, na kama ni uongo tuambiwe ni uongo. Magazeti ya Agosti 1990 yako maktaba. Na waumini waliomsikia akihubiri Busia siku ile bado wapo, lakini aliyekuwa na miaka 30 wakati huo sasa amepita 60, na kila mwaka tunawazika wengine. Hao ndio waanze kuhojiwa, kabla ya wakubwa.